Hiram Kahiga na Ng'ambo ya Ndabibi

Katika likizo ndefu ya mwaka 1958, Hiram Kahiga, mwanafunzi wa sayansi ya wanyama huko Makerere, alipata kazi ya muda kwenye kambi ya utafiti wa samaki kando ya Ziwa Naivasha. Kazi yenyewe ilitaka mtu mtulivu: kupima urefu wa samaki, kuwapasua matumbo, kuangalia wamekula nini na kama wana mayai. Hiram alikuwa na mikono myepesi na macho makali, ila kutulia hakuweza. Akikaa kwenye hadubini kidogo tu, ameshainuka, yuko mlangoni, anatazama ng'ambo ya magharibi, ardhi inapoinuka kuelekea Ndabibi.

Mkuu wa kambi, Mzungu wa maneno machache, alidhani kijana anasumbuliwa na harufu. Khisa, mwendesha mashua, alidhani kuna msichana.

Hawakujua kwamba Hiram alizaliwa huko Ndabibi. Baba yake, Thuo, alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mlowezi mmoja. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 kwa sababu ya Mau Mau, Wakikuyu wa shamba hilo walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Kiambu, walikoambiwa ndiko kwao, ingawa wengi hawakuwahi kukanyaga huko. Hiram alikuwa shuleni, bweni. Dada yake mkubwa, Njoki, alikuwa amekwenda kutafuta kuni, na malori hayakumngoja. Tangu hapo hakuna aliyesikia habari zake. Watu wa kanisa walitaka wamwombee kama marehemu. Mama yao alikataa.

Hiram aliomba kazi Naivasha kwa sababu hiyo tu. Lakini kibali chake cha kusafiri kilimruhusu kukaa kambini na kuingia ziwani, basi. Kukanyaga mashamba ya ng'ambo kungemtia ndani.

Mvua zikanyesha, samaki wakaendelea kuletwa. Hiram alikula akiwa amesimama. Aliosha visu ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Wewe umekalia siafu?" Khisa alimuuliza. Hiram akacheka kidogo, akatoka nje.

Asubuhi moja mkuu wa kambi aliwatuma wawili hao wakavute nyavu zilizotegwa upande wa magharibi. Mashua ilipofika karibu na mafunjo, Hiram alisema, "Nishushe hapa."

"Ufanye nini? Huna ruhusa ya huko."

"Dada yangu alipotelea hapo juu."

Khisa aliacha makasia. Alimtazama Hiram, kisha akatazama mawingu juu ya milima. "Upepo wa mchana ukianza, ziwa hili halina mchezo. Nitavuta nyavu polepole. Nenda, lakini usikae."

Hiram alipita kwenye mafunjo, matope yakimfika magotini, akisikiliza viboko. Alipanda malishoni hadi akaona nyumba za wafanyakazi, zile zile, na watu wengine ndani yake. Kando ya nyumba ya mwisho mwanamke alikuwa ameinama akisugua kibuyu cha maziwa, watoto wawili wakicheza karibu. Alikuwa amevaa shanga za Kikipsigis. Lakini Hiram alimtambua kabla hajageuka, kwa jinsi alivyoinamisha bega moja.

Alimwita kwa Kikikuyu, kwa jina lake.

Mwanamke hakuinua kichwa. Mkono wake tu ndio uliosimama. "Kijana, umepotea," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikiwa na majirani. "Njia ya ziwa ni kule." Halafu akanong'ona, "Ingia ndani. Na useme Kiswahili. Hapa mimi ni Chepkosgei."

Ndani alimshika uso kwa mikono miwili, mikono iliyonuka moshi na maziwa, akamtazama. Kisha alimweleza. Siku ile aliyaona malori akiwa vichakani. Mchungaji wa ng'ombe, Kipkemboi, alimficha kwenye banda la ndama, akamwambia nyapara mpya, asiyemjua, kwamba ni mke wake kutoka Kericho, ni mgonjwa, haongei. Akamfundisha lugha yao neno kwa neno, wakiwa wawili.

"Mwanzo ilikuwa uongo," Njoki alisema. "Sasa si uongo."

"Twende nyumbani. Mama anakungoja."

"Nikitoka hapa kama Njoki, Kipkemboi atafungwa. Na watoto wangu nitawaambia nini?"

"Mimi nimwambie mama nini, kwamba umekufa?"

"Mwambie nakamua ng'ombe waliokamuliwa na baba. Yule mwekundu mwenye pembe moja bado yuko, amezeeka. Mwambie nina watoto wawili. Sasa nenda, Hiram. Nenda kabla nyapara hajarudi."

Hiram alipofika majini upepo ulikuwa umeshaanza. Khisa alikuwa amejibanza nyuma ya mafunjo, wavu mmoja umepasuka, mashua imejaa maji hadi vifundo vya miguu. Walivuka wakikomba maji kwa mkebe. Kambini Hiram alisema ni yeye aliyechelewesha kazi. Mzungu aliyatazama matope ya magotini mwake, hakuuliza alikotoka, ila hakumtuma tena ziwani.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza. Mwanzoni alitazama ng'ambo asijue kuna nini. Sasa alijua, na hakuweza kusema.

Likizo ilipokwisha alipitia Kiambu kabla ya kurudi Makerere. Alimweleza mama yake shambani, mbali na watu. Mama aliendelea kupalilia mstari mzima. Kisha akauliza, "Huyo mwanamume anampiga?"

"Sidhani."

"Basi."

Hali ya hatari ilipoondolewa, Njoki alikwenda Kiambu mwenyewe, na Kipkemboi, na watoto ambao sasa walikuwa watatu. Watoto hawakujua Kikikuyu, na nyanya yao hakujua lugha yao, kwa hiyo aliwapeleka bandani akawaonyesha mbuzi. Hiram hakuwepo. Alikuwa ameajiriwa idara ya samaki na kupelekwa Baringo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshaomba kuhamishwa tena.