Wiki Tatu na Hukumu za Marekani

Nilianza kazi Jumatatu, tarehe 3 Julai 2017, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, katika ofisi ya wakili juu ya duka la vitambaa, Mayfair, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika. Nilikuwa na miaka kumi na sita na likizo ya wiki tatu. Mama ndiye aliyeniombea. Mimi hata mlango nisingethubutu kubisha.

Wakili alisomea Marekani, akarudi na kabati zima la vitabu vya hukumu. Aliyenipokea ni Karani Mkuu, mzee wa Bukavu.

"Binti wa Tanga, unajua kusoma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ah, bubu. Vizuri. Kabati halipendi kelele."

Kazi yenyewe, kwa ninyi mtakaokuja kuifanya, ilikuwa hivi. Kule Marekani sheria haitoki bungeni tu. Majaji nao huijenga kesi kwa kesi. Mahakama ya juu ikiamua, zilizo chini yake zinafuata, mpaka siku uamuzi ule utenguliwe, yaani uondolewe nguvu na uamuzi mwingine. Wakili alichapisha vikaratasi vya mabadiliko hayo, nami nikavibandika pembeni mwa hukumu za zamani, ili msomaji ajue ipi bado iko hai.

Wiki ya kwanza nilipangiwa mikataba, ya pili ardhi, ya tatu familia. Jua la Julai lilikuwa linaingia dirishani taratibu, adhana inapita, nami gundi mkononi, naota. Zamani, nilisoma, mtoto alikuwa wa baba, kama shamba. Baadaye majaji wakasema mdogo akae na mama. Kisha wengine wakasema acheni kuuliza ni wa nani, ulizeni kinachomfaa. Niliwaona watoto wale wakibeba vifurushi, wanahama nyumba hii kwenda ile, kila jaji alipogeuza sentensi.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na kesi ya Mama Riziki, fundi cherehani wa Turffontein, Mrundi. Alimlea binti wa marehemu dada yake tangu ana wiki mbili. Sasa mtoto ana miaka minne, na baba yake amejitokeza, anamtaka. Majaji wa hapa hawafungwi na hukumu za Marekani, ila wanaruhusiwa kuzitazama. Wakili aliegemea moja ya zamani, iliyosema mtoto mdogo akae na mwanamke anayemlea.

Alhamisi jioni nikakuta kikaratasi cha hukumu ile nimekibandika ukurasa mwingine kabisa. Ilishatenguliwa. Nilishika simu mara tatu nimpigie Wakili. Sikupiga.

Ijumaa, kwenye korido ya mahakama, nilimvuta Wakili mkono wa joho.

"Sema mwanangu, tunaitwa sasa hivi."

"Ile hukumu ilitenguliwa. Kosa ni langu. Nilibandika siko."

"Eish!" Karani Mkuu akashika kichwa. "Bubu kafungua mdomo, katoa bomu!"

Mama Riziki akaniuliza polepole, "Wananichukulia mtoto?"

"Iliyoitengua inasemaje?" Wakili akauliza.

"Tusiangalie mwanamke wala mwanamume. Tumwangalie mtoto, nani anamjua."

Akakata ukurasa mzima wa hoja zake kwa kalamu. "Basi hii ndiyo yetu."

Ndani, wakili wa baba alikuwa na hukumu hiyo ya kutengua mezani tayari, anasubiri kutuumbua. Wetu akawahi kuitaja. Jaji akauliza pande zote mbili, mtoto anaogopa nini?

"Mashine ya overloki, ya kufunga pindo, inavyonguruma," alisema Mama Riziki. "Akisinzia, nashona kwa ile ya mguu."

Baba akasema kweli: "Bado sijui."

Mtoto akaamriwa abaki kwa Mama Riziki, baba awe anamtembelea Jumapili, mpaka ripoti ya afisa wa ustawi wa jamii itoke.

Mchana huo nilistaafu. Karani Mkuu alinipa mkono kama mtu mzima, na Mama Riziki akaniambia nimemwokolea mtoto. Niliona haya. Sikuokoa kitu, nilikaribia kumpoteza yule mtoto kwa kuota, na usiku mzima nilimwacha mama yake asijue, kwa sababu ya woga wa kusema alo.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, nilipanda ngazi za ofisini peke yangu, nikabisha. Karani Mkuu alifungua, akauliza nimesahau nini.

"Vile vikaratasi vingine," nikasema. "Vyote nilivibandika mimi. Sijui ni vingapi viko siko."

Akavua koti, akasogeza kiti cha pili. Tukaanza na mikataba.