Kiganja Changu na Kamera ya Mahindi

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kutafuna mahindi ya watu. Lori likiingia kiwandani kwetu, kiwanda cha unga katika eneo la viwanda la Mbale, nachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zinamwagika, natia moja kinywani. Ikilia kah! ni kavu, tunanunua. Ikinyamaza ina maji, mwenye mahindi arudi nayo Busiu akayaanike. Hakuna mashine niliyohitaji. Nilihitaji meno tu.

Bosi wangu ni Mhindi wa Jinja. Kiswahili chake ni cha dukani, changu cha kambini maana baba alikuwa askari, na kwa hivyo tunaelewana vizuri tukigombana. Siku moja alikuja uso unang'aa.

"Mama, tunaleta kompyuta ya akili."

Akanieleza yote bila kupumua. Binamu yake ana kiwanda cha chuma kule Jinja. Kompyuta imemeza kumbukumbu za mitambo yake yote, sasa inajua upi utaharibika kabla haujaharibika. Hospitalini inasoma picha za mapafu. Watu wa kilimo wanaionyesha jani la muhogo, inataja ugonjwa.

"Sisi tutaionyesha mahindi," akasema.

"Nani ataionyesha?"

"Wewe, mama. Nani mwingine iko na jicho kama yako?"

"Na ikishajua?"

Bosi akaanza kuangalia simu yake. Nikaelewa. Nilikuwa naambiwa nimfundishe kazi yule atakayenimwagia unga wangu.

Akaletwa mtaalamu, binti mpole kutoka Kampala. Kila sampuli anapiga picha, ananiuliza, "Mazuri au mabaya, mama?" Nasema, anaandika. "Data, mama. Tunataka data nyingi." Wallahi sijawahi kusikilizwa hivyo. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza jambo mara mbili. Huyu aliniuliza kutwa nzima, na kila nililojibu lilikuwa ukweli.

Sasa, kiwandani kwetu kuna desturi. Mahindi mazuri unayaweka kiganjani, unamnyooshea mwenyewe ayaone naye afurahi. Mabaya huyagusi. Unayaacha juu ya gunia lake na kuyaelekezea mdomo, basi, kwa sababu ukungu ukiushika utaula na chakula chako. Ndivyo tulivyopiga picha miezi mitatu, mazuri kiganjani, mabaya juu ya gunia, na hakuna aliyewaza lolote.

Siku ya majaribio bosi alikuja na wajomba zake wawili, na sambusa. Kamera ikafungwa juu ya meza. Binti akamwaga mahindi safi kwenye sinia. Taa yake ikawaka nyekundu, yaani mabaya. Akamwaga mengine. Nyekundu. Mkulima mmoja wa Busiu akapandisha sauti, "Haya ni ya mbegu! Hiyo kitu ni kipofu?" Binti akatokwa jasho, akasema tatizo ni mwanga.

Mimi kwa mazoea nikachota kidogo nimwonyeshe yule mkulima. Taa ya kijani. Nikayarudisha kwenye sinia. Nyekundu. Nikachota tena. Kijani! Lo! Nilicheka moyoni mpaka mbavu zikauma. Na data yote ile, ilichojifunza ni kiganja changu.

"Basi mama abaki," bosi akaamua, akidhani mkononi mwanga ni mzuri zaidi, "awe anashika."

Kazi yangu ikapona. Wiki nzima nilikaa chini ya kamera nimenyoosha mkono kama ombaomba, na binti akawa anabadilisha balbu. Nikajifanya hamnazo.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa Namatala akaleta gunia lenye ukungu wa kijani. Nikaweka punje kiganjani, kwa utundu tu. Taa ikasema mazuri, daraja la kwanza. Karani akaanza kuandika, maana siku hizo iliandikwa kauli ya taa, si yangu. Kicheko kikanikauka. Unga wetu unakwenda shuleni. Wajukuu zangu wanakunywa uji wake.

Nikalizuia lile gunia kwa mwili wangu, nikamwita binti.

"Mwanangu, achana na balbu. Mashine yako haijui mahindi. Inanijua mimi."

Nikamwonyesha kwa mkono. Akaketi chini, akashika kichwa. "Mama, ungenyamaza ungebaki na kazi."

"Najua! Unadhani sijui?" Nilimfokea, maskini, kwa kosa lisilo lake.

Tukaanza upya. Mazuri na mabaya, yote kwenye sinia moja jeupe, na mikono mbali. Safari hii nilifundisha vizuri mno. Ilipojua, nilipewa gauni jipya la gomesi, keki na cheti chenye picha yangu, nikaenda nyumbani kulima.

Msimu huu nilipeleka magunia yangu mwenyewe. Kamera ikatazama. Taa nyekundu, yana maji.

"Wewe!" nikaipigia kelele mbele ya foleni nzima. "Mimi ndiye niliyekufundisha! Leo unanikataa mimi?" Watu wakacheka. Karani, kijana niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe, akainamisha macho.

Nikachukua punje moja, nikaitia kinywani wote wakiona, nikatafuna huku nikimwomba Mungu ilie.

Ilinyamaza.