Siku Kompyuta Yangu Ilipokutwa na Virusi

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa. Niliishia darasa la nne, nikaanza maisha na baiskeli moja ya kubebea mpunga, na kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa na mashine yangu ya kukoboa hapa Ifakara na nyumba ya bati mtaa wa Lipangalala. Injini ikikohoa, nilijua ugonjwa wake kabla sijainuka kitini. Mto kufurika, bei kupanda, bei kuanguka, yote nilishayaona. Lakini nakumbuka siku moja, miaka ya tisini ikielekea mwisho, niliambiwa neno moja tu sebuleni kwangu, likanivuruga kichwa.

Nilikuwa nimenunua kompyuta. Mzungu mmoja alikuwa amemaliza kazi yake hapa mjini, anauza vitu: friji, kitanda, chandarua, na kompyuta. Watu waligombea friji. Mimi nikasema friji kila mtu anaweza kuwa nayo. Nikaipakia kompyuta kwenye mkokoteni, kioo kikitazama mbele ili barabara nzima ione. Kazi yake sikuijua, wala sikumuuliza mtu. Otilia, mchumba wangu, binti wa kijiji cha Mofu, nilimwambia ni ya biashara.

Na raha niliipata, nisikufiche. Ukiiwasha inalia kidogo, halafu inakaa inafikiri kama mzee aliyeombwa shamba. Nikajifunza kucheza karata humo; inakugawia yenyewe, haiibi, haitukani. Nikaandika jina langu, Kastuli, kwa herufi kubwa, nikalifuta, nikaliandika tena. Nikimaliza naifunika na kitambaa alichonifumia Otilia. Walimu wakaanza kuja kuchapa mitihani, kila mmoja na diski yake, vile vibao vya plastiki vya kuhifadhia maandishi. Niliwaambia, "Ingizeni tu, kwangu hakuna kunyimana."

Baada ya miezi michache ikaanza vituko. Unaacha barua jioni, asubuhi haipo. Unaandika, herufi zinadondoka chini ya kioo kama chuya kwenye ungo. Nikaigonga ubavuni kama nilivyozoea kuigonga redio. Ikazima. Basi nikamwita Desdeli, kijana aliyesomea mambo hayo Morogoro.

Desdeli akakaa, akabonyeza, akaguna. Mimi nimesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Feliska, jirani yangu muuza vitumbua, amekuja kufuata sahani yake.

"Kaka Kastuli," Desdeli akasema, "una virusi."

Mwanangu, nielewe. Miaka ile neno hilo kwetu lilikuwa na maana moja. Tulilisikia redioni, tulilisoma kwenye mabango ya hospitali: virusi vya UKIMWI. Na tulikuwa tunazika. Kijana anatazama kioo, lakini ananiambia mimi: una. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilikuwa na tabia moja, na niliamini ndiyo iliyonipa mali: sikuwahi kumwambia mtu kwamba sijui.

"Najua," nikasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na bado watu unawapokea tu?"

"Wote. Mimi simnyimi mtu."

"Bila kinga yoyote?"

"Kinga ni ya waoga."

Desdeli akatikisa kichwa. "Kaka, utamaliza mji mzima. Nitarudi Jumamosi ya wiki ijayo na dawa."

Nilipogeuka, Mama Feliska hakuwepo mlangoni. Sahani yake alikuwa ameiacha.

Sasa fikiria kichwa changu. Dawa ya virusi, Jumamosi? Mbona redio ilisema dawa haipo? Mimi ndiye niliyeiambukiza mashine, au mashine iliniambukiza mimi? Yule mzungu, nikakumbuka, alikuwa mwembamba sana. Nikachukua spiriti nikasugua kibao chote cha herufi, halafu nikakimwagia maji ya moto ili kazi iishe vizuri. Kuanzia hapo nusu ya herufi hazikubonyezeka, nami nikaona ndiyo ugonjwa unazidi.

Kwenye mashine ya kukoboa watu wakaanza kuniwekea hela juu ya gunia badala ya mkononi. Mgahawani nikapewa kikombe kilichomeguka, na nilipomaliza niliona kinatupwa. Jumapili, padri aliposema tupeane amani, jirani yangu kwenye benchi aliingiza mikono mfukoni na kutazama dari. Nami nikadhani wote wameuona ugonjwa usoni mwangu. Nikaanza hata kukonda, kwa hofu tu.

Jumatatu akaja mjomba wa Otilia, Mzee Fulgensi, kwa baiskeli kutoka Mofu, na mfuko nyuma. Ndani yake kulikuwa na blanketi na vitenge nilivyopeleka kwenye posa.

"Shikamoo, mjomba. Karibu, kaa."

"Marahaba. Nitasimama." Maji nilimpa, hakuyagusa. "Tumesikia umepimwa."

"Nimepimwa na nani?"

"Na fundi."

"Mjomba, tangu lini fundi akapima watu?"

"Hilo hata mimi limenishinda," akasema mzee, na kweli uso wake ulikuwa umechanganyikiwa kama wangu. "Lakini wewe mwenyewe ulikiri. Ulisema unajua, ulisema siku nyingi, ulisema unawapokea wote. Kastuli, mtoto wetu ni mmoja."

Maneno ni yangu. Nikashika mfuko. Hapo ndipo Otilia alipoingia. Alikuwa amemfuata mjomba wake kwa baiskeli ya kuazima, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kastuli, yule fundi alisema virusi vya nini?"

"Alisema virusi."

"Hukumuuliza vya nini?"

"Ningeonekana sijui."

"Na sasa unajua?"

Otilia akauchukua mfuko mkononi mwangu, akauweka chini. "Haya, nyote wawili, twende tukamuulize. Midomo si tunayo?"

Desdeli tulimkuta anakula. Otilia alipouliza, alicheka hadi wali ukamwingia puani. Halafu akamtazama mzee, akaona si mahali pa kucheka, akaeleza taratibu: virusi vya kompyuta si ugonjwa wa watu. Ni maandishi mabaya yaliyotungwa na mtu ili kuharibu mashine za wenzake, na yanasafiri kwa diski. Kinga ni programu, na dawa yake ni diski nyingine.

"Mtu mzima, mwenye akili zake, anakaa kitako anatunga ugonjwa wa mashine?" Mzee Fulgensi akauliza. "Anapata nini?"

"Hapati kitu, mzee."

"Basi huyo ndiye mgonjwa."

Hata leo, mwanangu, hilo sijalielewa, na sasa nakiri bila aibu. Lakini mzee hakutaka kurudi Mofu na habari ya ugonjwa wa mashine peke yake, nani angemwamini? Ikabidi Desdeli aende naye kuueleza ukoo. Ikabidi mimi na Otilia tukapime damu hospitali. Siku za kungoja majibu nilimsikia Otilia akisali kwa sauti, nikajua kwamba ananipenda na kwamba anaogopa. Majibu yetu yalikuwa mazuri, tukafunga ndoa. Ila kile kikombe kilichotupwa sijakisahau. Mimi nilipata fundi wa kunieleza kwa watu. Wapo waliokuwa wagonjwa kweli, na vikombe vyao vilitupwa hivyo hivyo mpaka tukawazika. Nami kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa waliovitupa.

Kwa hiyo nakuambia hivi, wewe mwenye simu mfukoni inayojua kuliko mwalimu wangu. Ukiambiwa neno usilolijua, uliza palepale, mbele za watu, hata kama ni wewe uliyelipia kiti wanachokalia. Usiseme "najua" ili uonekane mkubwa. Na ukisikia jambo la mtu mlangoni, ingia ndani ukamuulize mwenyewe kabla hujaondoka nalo. Mgonjwa mpe kikombe kizima. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kuuliza na mwenzi mkaidi kama Otilia, akulinde wewe na nyumba yako.

Ukitaka kujua "najua" yangu ilinigharimu nini, nitakuambia, maana nilijumlisha mwenyewe bila mashine: dawa ya diski, kibao kipya cha herufi, nauli ya Desdeli kwenda Mofu, na faini niliyotozwa na ukoo kwa kuwatia hofu. Shilingi elfu themanini na tatu, mia saba na hamsini.