Punje ya Akamwani

Muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, Kagoma, alikuwa na mikono mikubwa iliyonuka sabuni na sauti ya chini, kana kwamba kila mgonjwa amelala. Kila sisi wachukuzi tulipopita na mgonjwa kwenye machela kwenda hospitali ya Rubya, alitoka mlangoni, akapangusa kiganja kwenye aproni, akampa mgonjwa punje ya akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama anayempokea mgeni nyumbani. Kisha alimtazama mdomo. Aliyetafuna tuliendelea naye. Aliyeishika tu mkononi, ndugu zake waliitwa pembeni, wakaambiwa wamrudishe nyumbani.

Mzee Rugemalira alikwishasikia habari hizo. Uvimbe wa tumbo ulikuwa umemmaliza, na hospitali ilikuwa imeshamrudisha bila dawa mpya, lakini mwanawe Anatory alitaka tumpeleke tena. Mzee alipopewa punje aliitia mdomoni upesi, akachezesha taya akimkazia muuguzi macho. Muuguzi hakuondoka. Alikinga kiganja chini ya kidevu cha mzee, kama mama anavyomkingia mtoto, akangoja. Mzee akaitema nzima.

“Tata, baba yangu,” muuguzi akasema, “hii safari inakuumiza bure. Unataka kulala wapi?”

“Kibanjani kwangu, migombani.”

Anatory akaanza kubisha kwamba Rubya si mbali.

“Mgeuzeni,” muuguzi akatuambia. “Dawa ya maumivu nitamletea mwenyewe kila jioni.”

Aliifuta ile punje kwa aproni, akairudisha mkononi mwa mzee, akamkunja vidole kimoja kimoja. Tulipomshusha chini ya migomba yake, ngumi ilikuwa bado imefungwa.