Furushi Liko Tayari

Uwitonze hakusomea udaktari wala uuguzi. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa msichana mkubwa asiyejua hata njia moja ya mji wa Gisenyi. Kazi aliyoipata, na iliyomkalisha miaka kumi na tisa, ilikuwa ya kuosha vyombo vya upasuaji katika kliniki moja ndogo ya mtaa wa Mbugangari, mjini humo. Visu, mikasi na koleo vilimjia vikiwa na damu. Aliviloweka, akavisugua kwa burashi hadi kwenye meno ya koleo, akavifunga ndani ya kitambaa cha kijani na kuvitia kwenye mashine ya mvuke. Juu ya kila furushi alibandika utepe wenye mistari hafifu. Mvuke ukipata moto wa kutosha, mistari ile hugeuka myeusi tititi, na hapo ndipo chombo kinafaa kuingia mwilini mwa mtu.

Mwaka mmoja, mvua za Aprili zilipokwisha, mistari ilianza kutoka ya kahawia.

Alimwendea Ndahiro, msimamizi wa kliniki, utepe ukiwa kiganjani.

"Bwana Ndahiro, mashine haipati moto sawasawa. Tazama rangi hii."

Ndahiro akautupia jicho. "Si imebadilika lakini? Fundi atakuja kutoka Kigali, Mama Shema. Vumilia kidogo."

Fundi alikuja baada ya wiki saba. Akaufungua mlango wa mashine, akaubonyezabonyeza mpira wake uliochoka, akasema mpira wa aina ile haupatikani nchini, akaufunga mlango na kwenda zake. Shirika moja la ng'ambo lilipopata habari likatuma mashine mpya, inang'aa kama kioo. Ilitaka umeme mkubwa ambao jengo lile halikuwa nao. Ikasimamishwa kwenye ujia, na kabla ya mwezi kwisha wauguzi walikuwa wanaweka mafaili juu yake.

Uwitonze akawa anavipika vyombo mara mbili, mara tatu. Kahawia ikabaki kahawia. Na wagonjwa waliotoka wakitembea wakaanza kurudi wamebebwa, mishono imevimba, usaha unachuruzika. Daktari Nzeyimana, aliyekuja kupasua Jumanne na Ijumaa, alikuwa na mikono mizuri; hakuna aliyelibisha hilo. Siku moja Uwitonze alimwonyesha utepe.

"Nimeuona siku nyingi," daktari akasema, macho chini. "Nikikataa kuwapasua, niwapeleke wapi? Hospitali kubwa foleni ni ya miezi."

Sasa, Uwitonze alikuwa na jirani yake, Donatha, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale ufukweni. Wamejuana miaka kumi na mitano, wamezikiana na kuozeshana watoto. Donatha alikuwa na ngiri kwenye kinena, uvimbe kama yai, na beseni la samaki kichwani lilikuwa linauzidisha. Jioni moja akaja kuuzungumza.

"Mama Shema, hii kitu iko inanisumbua sana. Nimesema nije pale kwenu munipasue. Mi naogopa kisu, lakini we uko mule ndani, donc naogopa nini?"

Uwitonze akapiga hesabu. Angemwambia ukweli, na asubuhi ufukwe mzima ungejua. Kliniki ingefungwa, na yeye na wenzake wangerudi nyumbani.

"Usije kwetu," akasema. "Nenda hospitali kubwa ukaandikishe jina. Kule madaktari ni wengi."

"Bon. Kama we unasema."

Donatha akaenda, akaandikwa, akapewa tarehe ya Novemba.

Ngiri haikuijua Novemba. Ijumaa moja ya Septemba, saa nne asubuhi, Donatha aliinama kuinua beseni, akapiga ukelele na kuanguka kati ya samaki wake. Utumbo ulikuwa umenaswa. Wenzake wakampakia kwenye gari la kwanza lililosimama, wakamleta palipo karibu, Mbugangari. Daktari Nzeyimana alimpapasa mara moja tu, akaagiza chumba kiandaliwe. Kumpeleka kwingine ni kumwua njiani.

Muuguzi akaufungua mlango wa chumba cha vyombo. "Mama Shema, furushi liko tayari?"

Lilikuwepo moja tu, la jana, utepe wake rangi ya chai. Kulipika upya kulitaka saa nzima. Kutoka kwenye ujia alimsikia Donatha akiita jina la Yesu.

"Liko tayari," akasema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kipande cha utumbo kilichooza kilikatwa, ncha zikaungwa, na jioni ile Donatha alimshika Uwitonze mkono akimshukuru. Siku ya tano homa ikapanda. Siku ya saba kidonda kikafumuka, na uchafu wa utumbo ukatoka pale pale kwenye mshono. Walimpeleka Kigali, akapasuliwa tena, na tena. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuwa mifupa mitupu, na tumboni ananing'iniza mfuko wa kupokea choo. Mifuko ilipokosekana alifunga mifuko ya sukari. Wanawake wa ufukweni walimpokea kwa machozi, kisha kidogo kidogo wakaanza kupanga mabeseni yao mbali na la kwake. Hakungoja afukuzwe. Akaacha kwenda.

Uwitonze alijikaza kisabuni kwa wiki tatu, halafu akaenda kumwambia. Alimweleza yote, mashine, utepe, na neno alilojibu mlangoni. Donatha alisikiliza kitandani, ameegemea ukuta.

"Ungesema haiko tayari, mi ningekufa ile siku?"

"Ungekufa."

"Na hii nayo unaita nini?"

Donatha akavuta shuka hadi kidevuni. "Ukitoka ufunge mulango," akasema. Tangu siku ile hakumwita tena, na alipofariki Februari, Uwitonze alipata habari sokoni kama mpita njia.

Jumanne iliyofuata mazishi alimwambia Ndahiro kwamba furushi la kahawia halitatoka tena mikononi mwake. Ndahiro hakugomba. Alimsikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba ana haki, na keshoye akampa kazi ile Belise, binti mpole aliyekuwa akifagia mapokezi. Upasuaji haukukosa hata siku moja.

Uwitonze sasa anafua mashuka ya wodi, nyuma ya jengo. Usaha una doa lake, la manjano lenye ukingo wa kijani. Analijua kabla hata shuka halijaloa. Wiki iliyopita mashuka ya namna hiyo yalikuwa sita.