Mikono ya Gauni la Mahameli

Mjomba fundi hakuwahi kukata kitambaa bila kwanza kujigusa bega la kushoto, kisha la kulia. Wateja wageni walidhani anasali. Wenyeji walijua anahesabu mikono.

Ujanani, sifa zikiwa zimempanda kichwani, alimshonea bi harusi gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Ukumbi mzima ulicheka, na jina la Kushoto likamganda kama kupe. Baadaye alishona magauni mengi yasiyo na kasoro, lakini ubongo wake, mmbeya kuliko jirani, haukutunza hata moja. Ulitunza ile aibu tu, ukamsimulia kila aliposhika mkasi.

Mpwa wake, aliyekua akichezea vipande chini ya meza ya kukatia, alipoposwa alisema gauni atashona mjomba, si mwingine.

"Utalivaa ukiwa bibi mwenye wajukuu," shangazi mtu akamwonya.

Kweli, mahameli ya zambarau ililala mezani wiki nzima, haijaguswa.

"Mjomba, harusi Jumamosi."

"Haraka ya nini? Mume atakimbia?"

"Nikienda na shuka, atakimbia."

Akakata. Mikono aliilinda kama mayai: akaichora, akaifuta, akaichora upya, akamjaribisha mmoja mmoja. Ilimkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Ila macho yakiwa yote mikononi, nani alibaki kuangalia mgongo? Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja, na kila anayejifunza ushonaji huambiwa hilo mapema. Yeye, bingwa wa tahadhari, alikata mbele manyoya yakitazama juu, na nyuma yakitazama chini. Ndani ya duka halikuonekana kitu. Asubuhi ya harusi bibi harusi alipotoka juani, mbele alikuwa zambarau iliyokolea, nyuma kama aliyeegemea ukuta wa chokaa.

Mjomba akakaa chini. "Livue. Watakucheka."

"Wacheke, meno ni yao. Twende ukumbini."

"Mimi harusi siendi tena, unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Hakwenda. Aibu ya zamani ilimshauri, naye alikuwa mtiifu kwake kuliko kwa binadamu yeyote. Ugonjwa wa kifua ulimuua kabla mpwa hajarudi kutoka kwa mumewe kumsalimia, kwa hiyo mpwa amebaki na maneno ya mlangoni asubuhi ile tu, mzee akimnyoosha gauni huku hamtazami usoni:

"Mwambie mpiga picha akae mbele."