Siku Niliyotafsiri Hewa Ukaa

Nalima karoti na kabichi huku Lukozi, milimani. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakanirudisha shambani, na sikulalamika sana. Lakini katika kikundi chetu cha akina mama, ambamo wengi ni rika la mama mkwe wangu, mimi ndiye msoma barua. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji alipotuletea mgeni wa kutufundisha mabadiliko ya tabianchi, alininyooshea kidole bila kuniuliza.

"Wewe utawageuzia kwa Kishambaa."

Mgeni alikuwa binti mdogo kuliko mimi, katoka pwani Tanga na viatu vya wazi, mwezi wa sita, anatetemeka kwa baridi. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, wakampenda palepale.

Alianza vizuri. Jua linapiga ardhi, ardhi inapata joto. Nikageuza. Ardhi nayo inalirudisha joto hilo juu. Nikageuza, ingawa nilianza kujiuliza linarudije. Kisha akasema, "Sasa, angani kuna gesi zinazolikamata joto lisitoroke lote. Tunayoiongeza sana sisi wanadamu ni hewa ukaa."

Hewa ukaa niliijua kwa kuiandika kwenye mitihani. Ni kitu gani hasa, sikuwahi kujua. Ukaa wa mkaa, au ukaa wa kukaa? Akina mama wote wananitazama. Nikachagua kukaa. Na hewa nikaiita mpeho, neno letu la upepo, ambalo ndilo hilohilo tunalolitumia kwa baridi.

"Kumbe kuna mpeho inayokaa," mama mkwe akasema kwa Kishambaa. "Haiondoki?"

Nikamuuliza mgeni kama haiondoki. Akafurahi sana.

"Swali zuri! Nyingine inakaa hewani miaka na miaka, hata sisi tukishakufa."

Niliporudisha jibu hilo, minong'ono ikapita chumba kizima. Mgeni akaona wameelewa, akasonga mbele. Akasema gesi hizo ni kama blanketi lililofunika dunia, na kila tukichoma msitu na mafuta ya magari, blanketi linakuwa zito zaidi.

Mama mkwe akainua mkono. "Muulize. Mimi nikijifunika blanketi, jua halinifikii. Hilo la kwake linaliingizaje jua, halafu linazuia joto kutoka? Si mlango ni uleule?"

Hilo swali lilikuwa langu pia. Mgeni akalijibu kirefu: mwanga unaoingia si sawa na joto linalotoka, gesi hizi zinaupitisha mwanga lakini joto la ardhini zinalidaka na kulirudisha kwa sehemu. Alipomaliza, kichwa changu kilikuwa kimejaa maneno yasiyoshikana. Wote wakaningoja.

"Anasema ndivyo lilivyo," nikageuza.

Wiki hiyohiyo nikamkuta mama mkwe anang'oa miche yake ya kabichi kando ya mto, anaipandisha kwenye matuta yaliyo juu ya nyumba. Wenzake watatu walikuwa wanafanya vilevile.

"Mama, kulikoni?"

"Si wewe uliyetuambia? Baridi inakaa. Itakaa wapi kama si bondeni?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesema. Mgeni alizungumzia joto kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi nimewafikishia baridi. Ilinipasa nimwambie mama mkwe palepale. Sikumwambia. Sikuwa na hakika kama amekosea, na kama ningeulizwa ukweli ni upi, nisingekuwa na la kusema. Nikashika jembe nikamsaidia.

Mwezi wa saba zikaja siku tatu za anga jeupe, bila wingu hata moja. Asubuhi ya tatu umande ulikuwa umeganda bondeni kote, na jua lilipopanda, majani ya viazi vilivyokuwa huko yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Miche iliyohamishwa juu haikuguswa. Akina mama wakaja nyumbani kunishukuru, mmoja kabeba boga. Nililipokea, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

Nikampigia mgeni. Nikamwambia yote: mpeho, kukaa, miche, boga.

"Kwanza, dada, ukaa huo unatokana na mkaa," akasema. "Pili, mama mkwe wako yuko sahihi. Hewa ya baridi ni nzito, anga likiwa wazi inateremka na kutulia bondeni."

"Lakini wewe hukusema hivyo."

"Sikusema kabisa."

Nikamwomba anirudishie lile la mlango. Akaniuliza kama nina ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Nikaenda nyuma ya jiko, nikasogeza kiganja karibu na matofali bila kuyagusa. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima, lakini joto lilinifikia mkononi.

"Unaona kitu kikitoka?"

"Sioni. Nahisi."

"Ndilo hilo. Liliingia kama mwanga, linatoka kama joto lisiloonekana. Mwanga gesi zinauacha upite. Hili ndilo zinalolikamata. Mawingu nayo hulizuia, ndiyo maana siku za wingu bonde haligandi."

Hapo nikaona kama nimeshika. Kisha nikauliza, "Basi kama blanketi linazidi kuwa zito, mbona viazi vyetu vimeungua kwa baridi?" Akasema dunia inapata joto kidogo kidogo kwa miaka mingi, siku moja ya baridi haiondoi hilo, wala hilo haliondoi siku ya baridi. Nikaitikia. Hata leo sijui kama niliitikia kwa kuelewa.

Kikao kilichofuata nikasimama nikakiri. Nikawaambia nilichotafsiri sicho kilichosemwa, nikawaeleza la ukuta. Kisha jirani yetu akauliza, "Kwa hiyo miche tuirudishe mtoni?"

"Hapana. Iacheni."

"Sasa ulikosea nini?"

Nilijaribu tena: ile ni baridi ya bondeni, hili ni joto la dunia, ni mambo mawili. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuwaona wanachanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa kuliko wao. Mama mkwe akanivuta kanga nikae.

"Mwanangu, pumzika. Tumesikia."

Mgeni alirudi mwezi wa kumi, safari hii na sweta. Mtendaji akamleta mwalimu wa shule ya msingi atafsiri, mtu anayeyajua mambo haya. Alieleza vizuri, nami nikakaa nyuma kama wengine. Lakini kila mwalimu alipomaliza sentensi, mama mkwe aligeuka kunitazama, na hakukubali lolote mpaka niitikie kwa kichwa.